Kambi za fidla kwa watu wazima zisipangwe kuanzia jukwaani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wanaoandaa, au wanaofikiria kuandaa, kambi za muziki za likizo kwa watu wazima hapa Dar es Salaam, hasa zile za ala za nyuzi. Kipupwe ndicho kipindi chake. Kuanzia Juni hadi Agosti masika yamekwisha, joto limepungua, na Sabasaba na Nanenane zinaongeza siku za mapumziko kwa walioajiriwa. Tena huko Ulaya na Marekani huwa ni kiangazi, kwa hiyo walimu wa huko wanaopenda kujitolea nao wako likizo. Kinachosahaulika ni mambo mawili: ala zilizopita mikononi mwa fundi kabla ya siku ya kwanza, na wakufunzi wa kutosha wanaoelewa mwili wa mtu mzima unavyojifunza. Bajeti humezwa na jukwaa, spika, fulana na mabango ya onesho la kufunga, halafu siku yenyewe watu wanapanda na fidla zinazokwaruza. Rai yetu ni kwamba kambi ipangwe kuanzia kwenye mikono ya mwanafunzi, na fedha zielekee huko kwanza.

Tuanze na ala. Fidla nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani hazijamaliziwa. Daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, huachwa nene na refu, na nyuzi hukaa juu mno. Mwanafunzi hubonyeza kwa nguvu zote, kidole kinauma, kiganja kinakaza, na mwalimu anamwambia alegeze mkono ilhali kosa ni la mbao. Chukua rula upime pale ubao wa vidole unapoishia: uzi wa E, ule mwembamba kuliko yote minne, usimame milimita 3 hadi 3.5 juu ya ubao, uzi wa G, ule mnene, milimita 4.5 hadi 5.5. Ikizidi hapo fundi apunguze daraja kwa juu akifuata mviringo wake uleule, kwa maana mviringo ukibapa upinde hugusa nyuzi mbili kwa mpigo na anayeanza hawezi kujua kwa nini. Kule juu karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, kwenye kizingiti, nafasi chini ya nyuzi iwe ya kupitisha kadi nyembamba tu.

Daraja halikugundishwa, linasimama kwa mkazo wa nyuzi. Kila unapokaza kigingi, kichwa cha daraja huvutwa kidogo kuelekea kwenye ubao wa vidole. Asubuhi kila mtu afundishwe kulitazama kwa pembeni: upande unaoelekea mkiani uwe wima kama ukuta. Likiachwa linalala, siku moja litaanguka kwa kishindo na kupasua kifua cha fidla. Kwa sababu hiyohiyo nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Anayezitoa zote nne kwa pamoja hupoteza daraja, na mara nyingi hupoteza pia kile kijiti kinachosimama ndani bila gundi kati ya kifua na mgongo. Kijiti kikianguka sauti hufa, na kifua kinabaki bila nguzo chini ya daraja. Nyuzi zisikazwe tena mpaka fundi akirudishe kwa chombo chake.

Hewa yetu nayo ina mambo yake. Siku nyingi za mwaka unyevu wa hewa jijini hupita asilimia 70, na mti hunywa unyevu huo. Vigingi huvimba na kunata matunduni. Ingiza fidla hiyohiyo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi: baada ya saa moja au mbili vigingi vinasinyaa, vinateleza, na nyuzi zinalegea katikati ya somo. Mtu asikipige kigingi kwa kitu kizito. Legeza uzi mmoja, chomoa kigingi chake, paka sabuni kavu ya mche kama kinanata au chaki kama kinateleza, kirudishe, kizungushe mara kadhaa, kisha kaza huku unakisukuma kwa ndani. Kama kambi inaweza kuchagua, sisi tungechagua ukumbi wa madirisha makubwa na feni kuliko kiyoyozi. Kama kiyoyozi hakikwepeki, basi kiwashwe mapema kabla ya somo, kisizimwe na kuwashwa kila mara, na ala zikae humohumo muda wote wa mchana.

Singa za upinde, yaani zile nywele za mkia wa farasi, hurefuka kwenye unyevu na hufupika kwenye ukavu. Upinde uliokazwa barazani ukiingizwa kwenye chumba kikavu hujikaza zaidi wenyewe, na mti wake unaweza kupinda moja kwa moja. Kipimo chetu ni penseli: pale katikati, nafasi kati ya mti na singa ienee penseli moja, basi. Ukimaliza kupiga, legeza. Upinde mpya haulii kabisa kwa sababu singa zake hazijaonja rozini, ule ulimbo mgumu wa msonobari, na wanafunzi wengi hudhani wamekosea wao. Rozini mpya nayo hung'aa kama kioo na haishiki, kwa hiyo ikwaruzwe kwanza kwa msasa laini, kisha ipitishwe kwenye singa mara 30 au 40. Baada ya hapo mara 4 au 5 kwa siku zinatosha. Vidole visiguse singa, kwa kuwa mafuta ya ngozi huacha sehemu isiyoshika uzi, na chai ikiwa na maandazi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kurudi darasani.

Jambo la mwisho kuhusu ala ni gundi. Fidla na chelo, ile ndugu yake kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, huungwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, inayoachia kwa joto na unyevu. Ni kwa makusudi: kiungo kiachie kabla mti haujapasuka. Fidla ikiacha kulia vizuri na kuanza kuvuma kama nyuki, igonge taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zake, na pale mlio unapobadilika ndipo kiungo kilipoachia. Apelekewe fundi anayejua gundi hiyo. Gundi nyeupe ya seremala au ile ya kukauka papo hapo huharibu kazi, maana siku fundi akitaka kufungua atalazimika kuvunja mti. Na ala isiachwe kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani Posta au Kariakoo, hata kwa dakika ishirini za kununua kitu.

Kwa kambi ya fidla 12 tunashauri akiba ya nyuzi 6 za E, ambazo ndizo zinazokatika zaidi, 4 za A, 2 za D na 2 za G, madaraja 2 ambayo hayajachongwa, na rozini 4. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na jukwaa.

Chumba kinahitaji kutazamwa kwa jicho la mpigaji. Vile viti vya plastiki vyenye mikono, vilivyojaa kwenye kumbi zetu, havifai. Mikono yake huzuia kiwiko cha kulia, na kikalio chake huteremka kwa nyuma, kwa hiyo mgongo unajikunja. Viletwe viti vya mbao au stuli za kimo cha sentimita 45 hivi, na warefu waongezewe. Mpigaji wa chelo akae ukingoni, mapaja yakiteremka kidogo kuelekea magotini. Mwiba wa chini wa chelo hauna pa kushika kwenye sakafu ya marumaru, unateleza na chelo inakimbia mbele. Funga mkanda kwenye miguu ya mbele ya kiti, na kwenye ncha ya mkanda weka kipande cha mbao chenye tundu, mwiba uingie humo. Karatasi za nota zibanwe kwa vibanio vya nguo, la sivyo feni itazigawa ukumbi mzima.

Na miwani. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, lakini stendi ya nota hukaa mbali kuliko hapo. Mwanafunzi wa miaka 50 atainama mbele kutafuta maandishi, shingo itakaza, na sauti itakaza pamoja nayo. Wakufunzi vijana wanasahau hili kila mara. Chapisha nota kubwa, mistari michache kwa ukurasa.

Sasa wakufunzi. Kwa wanaoanza, mwalimu mmoja awe na watu 6, wasizidi 8. Anayepewa 20 hasikii mtu yeyote, anasikia kelele tu. Tena fanya hesabu ya kutiuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi: fidla 20 zina nyuzi 80, na kila uzi ukichukua nusu dakika, dakika 40 zimekwenda kabla ya somo kuanza. Ndiyo sababu awepo msaidizi anayefika saa moja na nusu asubuhi kuziweka sawa zote, wanafunzi waingie saa tatu. Kupiga vizuri hakumfanyi mtu kuwa mwalimu. Unapomsaili mkufunzi, mwombe ataje sababu tatu za upinde kukwaruza na njia ya kutofautisha moja na nyingine. Asiyeweza kujibu atamwambia mwanafunzi afanye mazoezi zaidi, na mazoezi zaidi ya kosa ni kosa lililokomaa.

Njia ya Shinichi Suzuki wa Japani, inayotumika duniani kote, aliijenga kwa watoto: kusikiliza sana, kuiga, kurudia, mzazi akiwa pembeni. Mtu mzima anataka kujua kwa nini. Mpe sababu kwa sentensi mbili, kisha umwache afanye, kwa kuwa kichwa chake kitaelewa siku ya kwanza na mkono utafuata siku ya sita. Pengo hilo ndilo linalowavunja moyo watu wazima, na mkufunzi alitaje waziwazi tangu mwanzo.

Mkono wa kulia uanze bila fidla. Shika penseli: kidole gumba kimekunjwa, ncha yake ikitazamana na kidole cha kati, kidole cha shahada kimelala ubavuni, kidole kidogo kimesimama juu kikiwa cha duara. Kidole gumba kikinyooka tu, mkono mzima hadi begani unageuka ubao. Kisha upinde, katikati yake, mivuto mifupi ya sentimita 10 kwenye uzi wa D au A, ukiwa nusu ya njia kati ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole. Sauti ikikwaruza, uzito umezidi au upinde unakwenda polepole mno. Ikifoka kama pumzi, uzito umepungua au upinde umekimbilia kwenye ubao. Ikibadilikabadilika ndani ya mvuto mmoja, upinde hauendi sambamba na daraja, na hapo chanzo karibu kila mara ni kiwiko kurudi nyuma ya mwili badala ya mkono wa mbele kufunguka. Kioo kirefu ukutani kitasema yote hayo bila mwalimu kufungua kinywa. Viwekwe viwili.

Mkono wa kushoto unahitaji kucha fupi, nyama ya kidole itangulie. Waandaaji waandike hili kwenye fomu ya kujiandikisha, ili mwenye kucha za kubandika ajue mapema. Fidla ikae begani bila kubanwa na kidevu. Nafasi iliyobaki chini yake ijazwe na sponji ya godoro ya sentimita 3 hadi 5, ikikatwa kwa kimo cha shingo ya kila mmoja na kufungwa kwa mpira. Kwa mwenye hijabu, kitambaa kinachoteleza hupeleka fidla kifuani, na kipande cha pamba kati ya fidla na bega humaliza tatizo. Pini ihamishwe upande wa kulia isikwaruze mti.

Utepe mwembamba kwenye ubao unawasaidia wanaoanza, na vipimo vyake si vya kubahatisha. Fidla kubwa ya kawaida ina uzi wa milimita 328 hivi kutoka kizingiti hadi daraja. Utepe wa kidole cha kwanza uwe milimita 36 kutoka kizingiti, wa pili 68, wa tatu 82, wa nne 109. Hapo ndipo wanakwaya wetu wanapata faida yao. Wengi wanasoma solfa, na nyuzi mbili tu zinawapa ngazi nzima: uzi mtupu wa D, yaani usiobonyezwa, ni do, kidole cha kwanza re, cha pili mi, cha tatu fa, uzi mtupu wa A ni so, kisha la, ti, do. Mi na fa vidole vinagusana, ti na do vilevile. Mtu aliyeimba sauti ya tenor kwenye kwaya kwa miaka kumi anaelewa hilo kwa dakika tano, na ni hasara kumlazimisha aanze na mistari mitano ya nota za Kizungu kana kwamba hajui muziki.

Lakini anayetaka taarabu aambiwe kwamba tepe hizo hazimtoshi. Maqamu ya Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ikianzia C inahitaji sauti iliyo kati ya E kamili na E iliyoshushwa nusu. Kwenye uzi wa D kidole cha kwanza kinarudi nyuma ya utepe, karibu milimita 27 kutoka kizingiti, na masikio ndiyo yanayomalizia. Mkufunzi mgeni asiyejua jambo hili atamsahihisha mwanafunzi aliyepiga sawasawa. Ndiyo maana tunawaomba waandaaji wanaoleta walimu kutoka nje wawaweke pamoja na wapigaji wa hapa. Zanzibar ni safari ya boti ya asubuhi moja, na Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha huko tangu 2002. Bagamoyo ipo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Na kwa mwenye nafasi, saa moja ya zeze la Wagogo ni somo zuri la upinde, kwa sababu halina utepe wala nota za kumwondoa mtu kwenye kusikiliza.

Udi na gitaa havina upinde, kwa hiyo watu hudhani ni rahisi. Udi una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa besi, na jozi zisipolingana kabisa hakuna mkono utakaouokoa. Anayeanza gitaa apewe la nyuzi za nailoni, vidole vyake vitafika siku ya kumi.

Muda wa kupiga siku ya kwanza usizidi saa moja kwa jumla, ukikatwa vipande vya dakika 25 na mapumziko ya dakika 10. Ongeza taratibu hadi saa mbili na nusu siku ya saba. Siku ya tatu ndiyo ya hatari: hamu imepanda, misuli imechoka. Maumivu ya shina la kidole gumba, au ganzi kwenye kidole kidogo na kile cha jirani yake, ni sababu ya kuweka ala chini saa hiyohiyo. Ratiba iache nafasi ya sala ya adhuhuri, na Ijumaa somo la asubuhi liishe saa sita kamili.

Adabu ni sehemu ya ufundi huu. Mkufunzi wa miaka 24 aliyemwamkia mwanafunzi wake shikamoo huona haya kumsahihisha, na kosa linabaki. Aseme, "Mzee, naomba tuangalie kidole gumba," kisha aelekeze kundi zima, kila mtu aangalie cha kwake. Asimshike mtu mkono au bega bila kuomba ruhusa, na pale panapostahili awepo mkufunzi wa kike. Kuonesha kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa umesimama upande uleule na mwanafunzi badala ya kumkabili kama kioo, kunatosha mara tisa kati ya kumi.

Siku kumi zikitumika hivi, mtu mzima ataondoka akiwa ameshika upinde sawasawa, nyuzi nne tupu zinalia safi, ngazi ya D inapanda na kushuka, na nyimbo mbili fupi zinatoka ndani ya ngazi hiyo. Hayo ni mengi. Yaoneshwe kwenye darasa la wazi, jioni, familia zikiwa zimekaa pembeni, bila jukwaa. Fedha itakayobaki ikodishe ala kwa wale wasio nazo kwa miezi mitatu ya baadaye na imlipe mkufunzi mmoja kwa somo la kila Jumamosi, kwa sababu mkono ulioanza kukaa sawa unapotea ndani ya wiki chache ukikosa upinde.

Wanaolenga Juni ijayo, fidla ziwe kwa fundi kabla ya Aprili kwisha.

Ni sisi,
Walimu wa ala za nyuzi,
Dar es Salaam